Mkuyu Juu ya Ukuta wa Silanga

Mama Mutua,

Nakuandikia kwa sababu nimechoka kukugombeza peke yangu shambani. Jana jirani yetu Syokau alinikuta nimesimama katikati ya vitunguu, jembe mkononi, nikikusema kwa sauti. Akaniuliza, "Mama Kioko, unaongea na nani?" Nikamwambia naongea na vitunguu. Akacheka, akasema, "Woi, hivyo vitunguu vimekukosea sana." Kwa hiyo leo nimefunga mlango, nimechukua kalamu ya Kioko, na kama ni ugomvi, acha tugombane kwa karatasi.

Kwanza salamu. Sisi huku tuko. Mbuzi wako mweusi alizaa mapacha, wote majike. Mwende, mke wa Mutua, ndiye analima shamba lako. Sukuma wiki yake ni nzuri, ingawa anaipanda imebanana kama watu wanaogombania benchi la mbele kanisani. Dirisha lako la jikoni bado halifungi. Nimemaliza salamu, sasa niruhusu nikasirike.

Nani alikutuma ufe Novemba?

Ungengoja Agosti. Agosti silanga, hilo bwawa letu, huwa imeshuka mpaka matope yanapasuka, ukuta umekauka, watu hawana kazi. Tungekulilia vizuri, bila haraka. Lakini wewe ukangoja mvua zimeanza, maji yanapanda ukutani kila siku, ndipo ukaanguka jikoni na ungo mkononi, na kufika hospitali Machakos tukaambiwa ni presha na kwamba tumechelewa. Ningekuwa na mahali pa kukushtaki ningekushtaki. Umefanya kazi yako yote kwa mpangilio, halafu hiyo moja ukaifanya ovyo.

Nilikuwa nimekuja kwako asubuhi hiyo kukuambia jambo. Nilikuwa nimeliona jioni iliyotangulia nikitoka kunyunyizia vitunguu. Chini ya ukuta, upande wa mashamba, pale karibu na jiwe ambalo kina mama hukalia kunyonyesha, ardhi ilikuwa imelowa. Nilichota maji kwa kiganja. Yalikuwa mekundu kama chai yenye maziwa kidogo. Unajua maana yake, wewe ndiye ulinifundisha: ukuta wa udongo ukitoa maji meupe, acha ujipumzishe. Ukitoa maji yenye udongo, basi kuna mahali maji yamepata njia na ukuta unaliwa kutoka ndani. Nadhani ni fuko. Mwaka ule tulimkamata mmoja pale pale, na wewe ukasema mnyama asiye na macho amejenga nyumba nzuri kuliko ya mume wako.

Sikuwahi kukuambia. Nilikuta nyumba imejaa watu.

Sasa desturi yetu unaijua. Mtu akifa kijijini, hakuna anayegusa jembe mpaka azikwe. Sikatai. Nimeiheshimu tangu nikiwa msichana, na nilipomzika mume wangu nilifarijika sana kuona mashamba yote yamenyamaza. Lakini watoto wako nao! Mkutano Nairobi, mkutano Athi River, mkutano mwingine hapa nyumbani wa kuzungumzia ile mikutano. Gari la kukubeba, hema, picha gani iwekwe kwenye karatasi ya ibada, nani asome historia yako. Wewe ukalala mochari Machakos, mvua ikanyesha, na silanga ikaendelea kujaa, na maji mekundu yakaendelea kutoka.

Nilimwendea Mzee Ndambuki. Yeye ndiye alichukua uenyekiti wa silanga kutoka kwako mara tu ulipofariki, nadhani kwa sababu ni shemeji yako na ana kofia. Nilimkuta chini ya hema na kikombe cha chai. Nikamwambia kwa adabu, "Mzee, ukuta unavuja, tunahitaji majembe machache tu." Akaniangalia kama niliyetapika mezani.

"Mama Kioko, hata wewe? Shemeji yangu yuko kwa baridi huko Machakos, bado hajalala kwake, na wewe unataka jembe?"

Nikamwambia silanga ni yake huyo shemeji.

"Ndiyo maana tunaiheshimu," akasema. "Si mngoje azikwe tu. Maji nayo yatangoja."

Mama Mutua, yatangoja! Nilitamani uamke dakika mbili tu, umjibu, halafu ulale tena.

Hao watu walikuwa wapi tulipokuwa tukichimba? Mwaka ule wa njaa, tukila mahindi ya manjano ya msaada, wanaume wamekwenda kutafuta kazi, na wale waliobaki wakipita juu ya barabara wakitucheka. "Mnachimba kaburi la nani?" Wewe ukawajibu, "La yule atakayekuja kuomba maji." Mwethya wetu, kikundi chetu cha kusaidiana kazi, ulikuwa wanawake watupu, majembe, sepetu mbili na makarai. Hukuturuhusu kumwaga karai jingine mpaka tabaka la chini liwe limekanyagwa. Tulikanyaga kwa nyimbo, safu kwa safu, kwenda na kurudi, na anayekanyaga kivivu ulimsimamisha aimbe peke yake. Mimi ulinisimamisha sana. Na vile viatu vya mpira tulivyopewa na watu wa mradi, jozi moja kwa kikundi kizima, tukapiga kura na tukashinda mimi na wewe. Wewe ukachukua cha kulia kwa sababu ndio mguu unaosukumia sepetu, mimi nikachukua cha kushoto. Tulitembea hivyo msimu mzima, kila mmoja mguu mmoja na kiatu, mguu mmoja mtupu, na hatukuona ajabu. Changu kipo hapa chini ya kitanda. Chako binti yako alikitupa siku ya kusafisha nyumba, ati hakina mwenzake. Nilienda nyuma ya choo nikakaa kidogo.

Basi. Siku moja kabla ya mazishi, mvua ilinyesha tangu alfajiri, na ilipopungua nikaenda ukutani na Syokau. Maji mekundu hayakuwa tena ya kulowesha. Yalikuwa yanatiririka kama mtu amefungua mfereji, na vitunguu vya mstari wa kwanza vilikuwa vimelala. Syokau akasema, "Kesho tukimzika huyu, keshokutwa tunazika silanga." Tukarudi mbio nyumbani kwako ambako kina mama wote wa mwethya walikuwa wakipika, na pale jikoni, kati ya moshi na masufuria, ukazuka mjadala ambao ungekuua mara ya pili kwa kicheko.

Jembe ni mwiko, sawa. Lakini panga? Mmoja akasema panga ni la kukata kuni, na kuni tunakata kila siku msibani, kwa hiyo panga si mwiko. Mwingine akasema panga likiingia ardhini linageuka jembe. Syokau akauliza, "Na likiingia kwa kichuguu? Kichuguu si ardhi, ni nyumba ya mchwa." Je, sepetu? Sepetu hapana. Karai? Karai ni chombo, linabeba hata ndizi. Kifuniko cha sufuria? Hakuna aliyewahi kusikia mwiko wa kifuniko. Mwishowe tukamtuma mtu kwa Mzee Ndambuki, akajibu bila kugeuza kichwa kwamba panga halina neno, ila jembe asilione.

Tukaacha nyama motoni. Tukaenda kwenye kile kichuguu kikubwa cha juu ya barabara, tukakibomoa kwa mapanga, tukazoa udongo kwa vifuniko vya sufuria za msiba wako, tukajaza makarai na magunia. Unaujua udongo wa kichuguu, unashika kuliko saruji. Syokau akaingia majini mpaka kiunoni, akapapasa ukuta kwa miguu, na ghafla akapiga ukelele, "Limenivuta!" Ndilo tundu. Tukashindilia magunia mawili humo, tukamwaga udongo juu, tukaanza kukanyaga. Huwezi kukanyaga bila kuimba, miguu haielewani. Hatukutaka nyimbo za kazi, kwa hiyo tukaimba zile za ibada yako, ila upesi zaidi.

Ndipo Mutua wako akatokea. Alikuwa ametoka Athi River asubuhi hiyo, suruali ya kiwanda bado mwilini, viatu vyeusi vya kupiga rangi. Amesikia kelele kutoka nyumbani. Alisimama juu ya ukuta.

"Mama yangu hajazikwa na nyinyi mnacheza ngoma?"

Syokau, unamjua, akamjibu kutoka majini, meno yakigongana, "Hatuchezi, tunakanyaga. Na wewe uko na miguu. Shuka."

Nilidhani atampiga. Aliangalia maji, akaangalia yale mapanga na vifuniko, na nafikiri alielewa yote mara moja kwa sababu alikulia kwenye ukuta huo akiwa mgongoni mwako. Akavua viatu, akakunja suruali, akaja kati yangu na mke wake, akakanyaga. Alikanyaga akilia, Mama Mutua, kamasi na yote, mtu mzima, mpaka maji ya upande wa pili yakapungua, yakawa meupe, yakakatika. Siku hiyo nilimpenda kama Kioko wangu. Kumbuka hilo, kwa sababu ndilo linalonitesa sasa.

Wageni walikula wakiwa wamechelewa na nyama ilikuwa imeungua. Samahani. Mazishi yalikuwa mazuri. Mzee Ndambuki alihutubu kuhusu silanga kwa muda mrefu sana, akasema sisi wote tuliijenga. Diwani akaahidi kuleta tingatinga kuondoa matope. Bado tunalisubiri, usinicheke.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nichukue kalamu.

Wiki moja baada ya kukuzika, Mutua alisema anataka kupanda mti wa kukukumbuka. Nilifurahi. Nilidhani ataupanda kaburini au langoni. Akaenda kuuchukua mche wa mkuyu kule mtoni, akaubeba kwa ndoo, akapita langoni, akapita kaburini, akaenda mpaka ukutani. Pale pale tulipokanyaga. "Hapa ndipo nilipomlilia mama," akasema. Watu wote wakapiga makofi. Mzee Ndambuki akasema ni hekima kubwa, maana mkuyu huvuta maji, na penye mkuyu kisima hakikauki. Nikasema, "Lakini hapo ni ukutani," na labda nilisema polepole mno, kwa sababu mwenye kamera aliniambia nisogee kwenye picha. Nipo kwenye picha hiyo. Nimetabasamu.

Mkuyu huvuta maji, ni kweli. Huyafuata popote yalipo, hupasua mwamba kuyafikia. Na wao wameupanda juu ya ukuta wa udongo wenye maji upande mmoja na mashamba yetu upande wa pili! Hata kichaka kidogo cha mwiba hukukiacha pale, ulikuwa ukiking'oa ukipita tu, huku ukiongea habari nyingine. Ukuta ni wa nyasi, ulisema, nyasi fupi basi. Na leo mti mmoja uliokubaliwa kukua juu yake ni wako.

Na miaka hii umekua, Mama Mutua. Umekua kama mtoto wa tajiri. Umempita Mutua urefu. Kila akija anauchotea maji kwenye silanga yenyewe, anaunywesha kwa mikono, kana kwamba una shida ya maji. Pasaka nilipanga kumwambia. Nilimfuata mpaka hapo ukutani. Alikuwa amechuchumaa akiondoa magugu, akaniangalia akasema, "Mama Kioko, ona vile ameshika." Ameshika, alisema. Hakusema umeshika. Nikamwambia twende nyumbani nikampikie chai.

Nimewaambia wengine. Mwende alisema, "Mimi ni mke tu, mnataka nifukuzwe?" Syokau alisema, "Mti siuogopi, naogopa Ndambuki." Na Mzee Ndambuki, nilipomwendea, alishusha kofia akasema, "Huo ni mti wa marehemu. Anayeugusa amegusa kaburi." Nilimuuliza kama amewahi kutembea upande wa chini wa ukuta tangu awe mwenyekiti. Akasema magoti yanamsumbua. Kumbe silanga nzima inaongozwa na mtu asiyeweza kuteremka kuiona.

Watu hawa wanakupenda, na hilo ndilo linanichosha. Ungekuwa umechukiwa, silanga ingekuwa salama. Walikupenda wakaacha ukuta uliwe wiki nzima ili wakuheshimu, na sasa wanakupenda tena kwa mizizi.

Juzi niliteremka mwenyewe. Upande wa mashamba, katikati ya nyasi, mzizi umechungulia. Unene wa kidole gumba, mwekundu, laini, umetoka kabisa upande wa pili. Nilipiga magoti. Kando ya mzizi kulikuwa na unyevu. Bado si maji, ni unyevu tu, kama paji la uso la mtu aliyetembea. Nilikaa pale na mkono wangu juu yake muda mrefu. Nikatazama chini: vitunguu vyangu, nyanya za Syokau, shamba lako ambalo Mwende amepanda sukuma wiki imebanana, na nyumba ya chini kabisa ambayo kina Mutua walijenga karibu na mkondo. Mwende hulaza watoto huko. Wajukuu wako, Mama Mutua.

Nilipanda mlima mpaka kwenye shule ya msingi, pale ambapo simu hupata mtandao ukisimama karibu na tangi la maji na kugeukia upande wa Katangi. Nikampigia Mutua. Nilimweleza yote, mzizi, unyevu, nyumba. Nilizungumza taratibu kama ninavyozungumza nawe sasa, bila kufoka. Naye akasema, "Mama Kioko, unataka ning'oe mama yangu?"

Nikasema, "Nataka ung'oe mkuyu kabla haujatoboa kazi ya mama yako. Mizizi yote, mpaka mwisho wake, tujaze udongo wa kichuguu, tukanyage. Ukitaka tutaupanda mwingine kaburini, nitaunywesha mimi."

Simu ikakatika. Sijui kama ni salio au ni yeye. Nilisimama pale karibu na tangi, watoto wa shule wakinipita na kunisalimia.

Leo asubuhi Mwende amekuja na ujumbe. Mutua anakuja Jumamosi. Nilimuuliza anakuja kung'oa au anakuja kuulinda? Mwende akainua mabega. "Amesema tu anakuja. Sauti yake ilikuwa kama ya mtu mwenye mafua."

Hayo ndiyo niliyokuwa nikiwaambia vitunguu. Sijui moyo wake umeangukia wapi, na nimejaribu kufikiri wewe ungemwambia nini, na sikupata, kwa sababu wewe usingesema. Ungeng'oa ukipita, ukaendelea na habari nyingine. Mimi si hivyo. Mimi nitakosa usingizi kwanza, nitapika chai, nitaomba radhi kwa mti.

Lakini nakuahidi. Akija Jumamosi na jembe, tutachimba pamoja, na akitaka kulia nitamshikia ndoo. Akija bila jembe, mimi nina langu. Mzee Ndambuki aseme ni kaburi, aite wazee, anitoe kwenye kikundi. Hakuna mti utakaopita mvua zijazo juu ya ukuta ule nikiwa hai, hata wako.

Pumzika, mwenzangu. Kama utanikasirikia, kasirika, nimekuzoea. Na kama mwanao atanichukia, basi mwambie wewe kwa njia yoyote mnayotumia huko, maana mimi maneno yangu yote nimeyamaliza hapa.

Ni mimi,
Mama Kioko